Ndoa ya Nyumba

Barua ya Reli ilimpa mzee siku tisini za kuhama, na kumi na moja kati ya hizo zilipita bila mtu kuthubutu kumsomea. Ilikaa juu ya kabati, chini ya mkebe wa vifungo, mpaka shangazi alipokuja, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mbele ya kitanda cha kaka yake kama anayetangaza bei za sokoni. Nyumba namba kumi na nne ilikuwa ya mtu aliye kazini. Mzee hakuwa tena kazini. Alianguka ndani ya kibanda cha ishara, mkono ukiwa bado umeshika wenzo, na tangu siku hiyo upande mmoja wa mwili wake ulikataa kumtii.

Zilikuwa zama za treni za moshi, mwaka ule makaa yalipoadimika na injini zikaanza kula kuni. Reli ilikuwa na nyumba chache na watu wengi. Mwenye mke alipewa nyumba. Asiye na mke alilala bweni, watu wanane chumba kimoja. Basi vijana wakawa wanaoa mbio mbio, na wengine wakioa kwa karatasi tu. Reli ilipogundua ujanja huo iliupa jina, ndoa ya nyumba, na ikautungia adhabu: mume anafukuzwa kazi, na vyombo vinatolewa nje siku hiyo hiyo.

"Njia ipo," shangazi akasema, akiikunja barua. "Mkwe aliye kazini anaweza kurithi nyumba. Wameandika hapa chini, kwa herufi ndogo, wasione watu."

Binti pekee wa mzee aliacha kukanyaga cherehani. Wote walimwita Fundi. Alikuwa akiishonea Reli bendera za ishara, nyekundu na kijani, na sare za maulidi na za magadi wa treni zilipita mikononi mwake pia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao watu huacha kukuuliza utaolewa lini na kuanza kukuuliza unaumwa nini.

"Mkwe gani, shangazi?"

Shangazi alimtazama kijana mrefu mwembamba aliyekuwa akimgeuza mzee kitandani. Huyo ndiye Utambi, mwasha taa wa Reli. Kila jioni alipanda nguzo za ishara moja baada ya nyingine, akakata tambi, akajaza mafuta, akawasha. Baba yake alikufa relini, na tangu hapo alikulia zaidi kwenye meza ya mzee kuliko kwao. Yeye na Fundi walikuwa marafiki wa kugombania ukoko wa sufuria.

Mzee akafungua ile nusu ya mdomo iliyobaki yake. "Mwoe," akasema.

"Sawa, mzee," Utambi akajibu.

Fundi alitegemea acheke. Hakucheka, wala hakushangaa. Alikubali upesi mno. Hata anayenunua viazi hukigeuza kiazi kwanza.

"Na mimi je, ni kabati?" Fundi akauliza.

"Kabati lina nafuu," shangazi akasema. "Halibishani."

Baadaye, kwenye ngazi ya nje, Fundi alimbana. "Wakikukamata utapoteza kazi, Utambi. Unapata nini wewe?"

"Nimechoka na bweni. Kuna mtu mle anakoroma kama injini inapanda mlima."

"Hilo tu?"

"Hilo tu," akasema, huku akiangalia viatu vyake.

* * *

Waliandikishana Jumatatu asubuhi, na mchana Utambi alikuwa kazini. Reli iliwapa miezi sita ya kuchunguzwa kabla nyumba haijahamishiwa jina lake. Wakapanga mambo yao kama watu wazima: Fundi chumba cha ndani, mzee chumba cha kati, Utambi mkeka sebuleni, ambao ulikunjwa alfajiri na kufichwa nyuma ya cherehani.

Adui yao alikuwa jirani, mke wa gadi, mama mnene mwenye sauti tamu na macho ya kazi. Mwanawe alikuwa mchochea moto wa injini, ameoa, ana mtoto, na bado anaishi kwa mama yake. Akihama mzee, nyumba namba kumi na nne ingekuwa ya mwanawe. Hivyo alifagia uwanja wake mara nne kwa siku, na kila mara alianzia upande wao.

"Bibi arusi," akasema siku moja, Fundi akianika nguo. "Mbona sisikii kitu kwenu?"

"Kitu gani, mama?"

"Kitu chochote. Mimi na mume wangu, wiki ya pili tu nilimrushia mwiko. Ninyi ni 'tafadhali' na 'samahani' na 'ahsante sana.' Jana nimemsikia mumeo anakuomba ruhusa ya kufunga dirisha. Mwanangu, mume anaomba ruhusa ya kufunga dirisha?"

"Amelelewa vizuri."

"Hm," jirani akasema, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Fundi aliingia ndani akiwa na hofu, lakini kusema kweli hofu yake ya jirani ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa ile aliyoipata juzi, alipokuwa akishona koti la kazi la Utambi. Mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka. Alipoupindua, ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya kaboni yenye mhuri wa Reli. Ombi la nyumba ya mwenye mke. Nyumba inayoombwa: namba kumi na nne. Mke: anatarajiwa. Akatazama tarehe, akaitazama tena kwenye mwanga wa dirisha. Wiki tano kabla baba yake hajaanguka.

Akaketi. Baba alikuwa mzima wiki hizo. Alikuwa akipanda ngazi za kibanda na kushuka kwa miguu yake, akila, akimtania Utambi mezani. Na Utambi yule yule, huku anachovya mkate kwenye chai ya mzee, tayari alikuwa ameomba nyumba ya mzee. Fundi aliushona mfuko, akaificha karatasi chini ya vifungo, asiseme neno.

Tangu siku hiyo kila wema ulimtia mashaka. Utambi alipotengeneza bawaba ya mlango, Fundi alijiuliza anamtengenezea nani. Alipopima dirisha la sebule kwa kamba, akisema atalitia wavu wa mbu, Fundi aliona mtu anayepima mali yake. Alipokuwa akimlisha baba uji, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu, Fundi alisimama mlangoni akiangalia kama daktari anayetafuta ugonjwa. Mara mbili aliwakuta wakinong'ona, na mara mbili walinyamaza. Kilichomuuma zaidi si nyumba. Ni kwamba huyu alikuwa mtu mmoja tu duniani ambaye Fundi hakuwahi kumhesabia, na sasa alikuwa anamhesabia mpaka vijiko vya sukari.

* * *

Alhamisi shangazi aliingia akihema. Mtu wake wa ofisini alikuwa amemnong'oneza. Kuna malalamiko, yamepelekwa kwa karani wa nyumba, kwamba watu wa kumi na nne wanaishi kama wageni wawili wa hoteli. Karani atakuja Jumamosi.

"Ni yule," Utambi akasema, akionyesha ukuta wa jirani kwa kidevu.

"Mimi sijali ni nani. Ninyi mna adabu kupita kiasi. Hamjui kuishi?" Shangazi akapiga meza. "Kesho jioni, watu wakiwa majumbani, gombaneni. Kwa sauti."

"Tugombane nini?" Fundi akauliza.

"Sukari. Chumvi. Mimi na marehemu tuligombania mfuniko miaka kumi na tisa."

Wakakubaliana sukari. Saa kumi na moja na nusu, kabla ya saa ya taa. Utambi atasema imekwisha upesi, Fundi atasema ni yeye anayeimaliza, kila mtu maneno sita au saba, kisha mlango ubamizwe. Shangazi alitaka wafanye mazoezi, wakaona aibu.

* * *

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, ufagio wa jirani ulikuwa tayari uwanjani.

"Sukari imekwisha," Utambi akaanza, kama mtoto anayesoma ubaoni.

"Imekwisha kwa sababu unaimaliza wewe!"

"Samahani."

"Usiombe samahani!" Fundi akamnong'oneza. "Gomba!"

Utambi akapaza sauti. "Mimi nakunywa chai kidogo! Wewe ndiye unayetia vijiko vitatu, unafikiri sikuoni?"

"Unanihesabia vijiko ndani ya nyumba ya baba yangu?"

"Nimechoka kuambiwa ya baba yako, ya baba yako! Hata mimi nafanya kazi!"

Nje ufagio ukasimama. Walitazamana, karibu wacheke, kwani mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ingetosha hapo. Lakini Utambi alikuwa ameshapata moto, akaongeza lisilokuwa kwenye mapatano. "Na kuja hapa sikujipeleka! Niliombwa!"

Fundi akamgeukia. "Uliombwa lini?"

"Wewe unajua."

"Sijui. Nitajie tarehe!"

Akaliendea kabati, akamwaga mkebe wa vifungo mezani, vikabingirika mpaka sakafuni. Akaichomoa karatasi, akaibandika mbele ya Utambi kwa kiganja. "Basi nisomee hii!"

Utambi aliiangalia.

"Baba yangu alikuwa mzima!" Sasa Fundi hakuwa anaigiza tena, na sauti ilikuwa ikivuka ukuta na kufika nyumba ya sita. "Alikuwa anapanda ngazi zile kila siku, na wewe tayari umeshaiomba nyumba yake! Ulikuwa unangoja nini, afe? Na mimi nikawa mke anayetarajiwa, kama mzigo unaotarajiwa stesheni! Sema!"

"Fundi, punguza sauti."

"Sipunguzi! Wewe ndiwe uongeze, majirani wasikose kitu!"

Utambi akaja karibu, akamshika mabega, akainama mpaka mdomo ukagusa sikio lake. Alinukia mafuta ya taa, kama siku zote. "Mzee alikuwa haoni," akanong'ona.

"Nini?"

"Ishara. Tangu mwaka jana. Taa za mbali alikuwa hazioni kabisa. Nilikuwa nawasha, halafu nakaa chini ya kibanda mpaka treni ya mwisho ya zamu yake ipite, namwambia hii imekubali, hii bado. Mwezi uliofuata walikuwa wanapima macho. Angefukuzwa bila hata senti ya kustaafia, nyumba ingekwenda siku hiyo hiyo. Akaniambia niandike ombi mapema. Akasema mke atapatikana."

Fundi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Alikumbuka jinsi baba alivyomtaka ashone kifungo kwenye pindo la kila bendera ya kijani, eti isipeperuke ovyo. Alishona bendera themanini namna ile. Kumbe mzee alikuwa akizitambua kwa vidole.

"Mke atapatikana," akarudia, naye sasa akinong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa mkali kuliko kelele. "Mkakaa wawili, mkaniunga kama behewa. Hakuna aliyefikiri kunigeukia?"

Kutoka chumba cha kati mzee akasema, kwa taabu, "Ni mimi. Nili... ona aibu."

"Na wewe?" Fundi akamwuliza Utambi. "Wewe uliona nini?"

Utambi alifungua mdomo. Kabla hajajibu, mlango wa uani ukasukumwa, akaingia mwanamume mfupi mwenye faili kwapani. Nyuma yake alikuja jirani, ufagio mkononi na uso wa mtu aliyeletewa zawadi.

* * *

Alikuwa karani wa nyumba. Akisema Jumamosi, alikuja Ijumaa. Huo ndio ulikuwa ujuzi wake wote, na ulimtosha. Tangu saa kumi na moja alikuwa amekaa jikoni kwa mke wa gadi akinywa chai. Fundi alimtazama kwa jicho la kazi: kola ya koti ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa, upande uliochakaa ukafichwa ndani. Alikuwa mtu wa kuficha, kwa hiyo alijua wengine wanaficha wapi.

Hakuketi. Alipita vyumbani, akaminya godoro, akafungua kabati, akaishika nguo ya ndani ya Fundi kwa vidole viwili na kuirudisha. Alimchungulia mzee kama anavyochungulia bomba linalovuja. Nyuma ya cherehani akauona mkeka, akausukuma kwa ncha ya kiatu.

"Huu wa nani?"

"Wa mume wangu," Fundi akasema. "Umesikia mwenyewe tunavyoishi. Unafikiri huyu kila siku analala kitandani?"

Karani akajikuna shingo. Kisha akafungua faili, akatoa karatasi, na Fundi akaijua kabla haijawekwa mezani. Ilikuwa ile ile, ila hii haikuwa ya kaboni.

"Ugomvi wenu sikuushangaa. Mimi barua hii ninayo tangu siku ilipoandikwa, na ndiyo iliyonileta, si maneno ya majirani." Jirani akanywea kidogo. "Mtu hana mchumba anayejulikana, anaishi bweni, anaomba nyumba ya mzee ambaye bado yuko kazini. Wiki tano baadaye mzee anaanguka, naye anamwoa binti. Hii ikiwa si ndoa ya nyumba, basi mimi sijaiona." Akamgeukia Utambi. "Ulijuaje kwamba nyumba itakuwa wazi?"

Utambi akisema kweli, mzee atakuwa ameficha upofu wake huku roho za watu zikipita chini ya mikono yake, na kile kidogo anacholipwa kila mwezi kitakatwa. Akisema uongo, hana uongo. Alisimama akikunja kofia, tayari kupoteza kazi ya miaka tisa kwa kunyamaza.

"Nakuuliza wewe basi, mama," karani akamwambia Fundi. "Dakika mbili zilizopita ulikuwa unamuuliza swali hili hili kwa sauti kubwa. Huyu ni mume, au ni mpangaji?"

Fundi alikuwa na hasira ya kutosha kuiangusha nyumba nzima. Hawa wanaume wawili walikuwa wamempanga bila yeye, na sasa wote wawili walikuwa wanamtazama yeye awatoe.

"Aliomba nyumba kwa sababu alikuwa ananitaka," akasema. Aliusema uongo huo vizuri, akautia hata dharau kidogo, kama mke anayesimulia ujinga wa mumewe. "Ananitaka siku nyingi. Hakuwa na ujasiri wa kuniambia. Baba alikuwa karibu kustaafu, kila mtu alijua anachoka. Huyu akaona aanze na nyumba ndipo aje kwangu. Leo nimeiona barua nikakasirika, kwa sababu mwanamke hataki kuwa wa pili baada ya bati na tofali. Wewe mkeo angekubali?"

Akamgeukia Utambi ili amwunge mkono. Utambi alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva, na alikuwa na sura ya mtu ambaye siri yake imesomwa sokoni. Hakuna mwigizaji anayeweza kuyaivisha masikio yake. Fundi, aliyekuwa amemhesabia kila kitu kwa miezi mitatu, aligundua kwamba kitu hicho kimoja hakuwa amekihesabu.

Karani naye aliyaona. Alimtazama Utambi, akamtazama Fundi, akapiga chafya kwa sababu ya vumbi la mkeka, kisha akatoa kalamu. "Nimeoa miaka ishirini na miwili," akasema, akiandika. "Mpangaji hapigiwi kelele namna ile. Faili nimelifunga. Nyumba itaandikwa jina la mume." Na alipokuwa akitoka alimwambia jirani, bila kumtazama, kwamba chai yake ina maji mengi.

* * *

Walipobaki peke yao Fundi alianza kuokota vifungo sakafuni. Utambi alipiga magoti amsaidie.

"Niliyomwambia yule, ni uongo?" Fundi akauliza, bila kuinua uso.

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Sijui. Mzee aliposema niombe nyumba, nilifurahi. Niliona haya kufurahi, lakini nilifurahi."

"Yaani baba alijua. Karani amejua. Mke wa gadi atakuwa anaupeleka umbea kisimani sasa hivi. Wa mwisho kujua ni mimi." Akasimama, akaenda kufungua mlango wa mbele. "Toka."

"Fundi..."

"Toka, Utambi. Nyumba ni yako, nitolee vyombo kesho ukitaka. Sasa hivi toka."

Akatoka. Fundi akaupiga mlango komeo, akaegemea hapo hapo, akalia kidogo kwa hasira, akajifuta kwa kipande cha bendera.

Utambi hakwenda mbali. Alisimama kwenye ngazi, mbele ya mtaa mzima, maana baada ya kelele zile hapakuwa na mtu aliyebaki ndani kwake. Wakamwona akiinua mkono na kubisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi."

Akabisha tena.

"Hodi!"

"Nani?" Fundi akauliza kutoka ndani.

"Mwasha taa wa Reli. Nina maneno na binti wa mzee."

Watu wakaangua kicheko. Waliona mume aliyefukuzwa anabembeleza, na hilo kila mtaa unalijua. Utambi hakucheka. "Nilipita kwa baba yako," akauambia mlango, "nikapita Reli, nikapita kila mahali isipokuwa kwako. Niliogopa utacheka. Nimekuja kukuuliza wewe. Unanitaka? " Akausogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, akanong'ona, "Ukisema hapana, nyumba itabaki yenu, mimi nitalala kwenye stoo ya mafuta, na hakuna atakayejua."

"Mfungulie, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya mke wa gadi, ufagio kifuani, machozi yakimlengalenga. Hasara yake alikuwa ameisahau kwa muda. "Wangu hajawahi kuniomba hivi, hata nilipokuwa mwembamba!"

Fundi alichungulia kwenye ufa wa mlango. Bado hakumwamini mtu, siku hiyo. Alitaka kuona kama Utambi anawatazama watu au anatazama mlango. Alikuwa anatazama mlango. Nyuma yake jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati, na nguzo za ishara zilikuwa hazina taa. Kwa miaka tisa Utambi hakuwa amechelewa hata siku moja.

"Utambi! Saa ya taa imefika!"

"Najua."

"Nenda basi!"

"Nijibu kwanza."

Kwa mbali ikasikika honi ya treni ya saa moja, ikiwa bado upande wa pili wa kilima. Fundi akalivuta komeo, akafungua mlango wote wazi, wakatazamana.

"Ndiyo," akasema. "Nakutaka. Sasa kimbia!"

Akakimbia. Alisahau ngazi yake ya kupandia nguzo, iliyoegemea ukutani, akairudia, na mke wa gadi akamshikia ncha ya nyuma mpaka relini, wote wawili mbio, mtaa ukiwashangilia.

Kutoka kitandani mzee aliuliza kelele zile ni za nini. Fundi akaja, akamwekea mto vizuri, akaketi ukingoni.

"Nimeposwa," akamwambia. "Na safari hii, baba, nimeulizwa mimi."